Kaseti Isiyokuwa na Salamu

Kaseti haina harufu. Mtu akikwambia ina harufu, mwulize imetoka wapi. Iliyokuja nyumbani kwetu kutoka Mombasa ilinukia udi, halua na achari ya ndimu, kwa sababu ilisafiri ndani ya kikapu kimoja na vitu hivyo. Hata baada ya siku nyingi za kukaa juu ya kabati letu la Nairobi, ukiisogeza puani ulijua kama Bibi alikuwa na wageni au hakuwa nao. Juzi binti yangu alichoma udi sebuleni, na kabla moshi haujafika dirishani nikasikia, wallahi nikasikia, ile "tak" ya kidude chekundu cha rekoda kikibonyezwa. Nikamwambia aliache dirisha limefungwa kwanza. Basi nanyi kaeni, niwaeleze kilichonirudia.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa ghorofani, juu ya duka la Baba, katika mtaa wa Biashara hapo katikati ya jiji. Baba aliuza leso na vitambaa vya kila namna. Sisi ni watu wa Mombasa, na Mombasa alikuwa amebaki mama yake Baba, Bibi yangu, katika nyumba ya Mji wa Kale pamoja na Shangazi Maimuna. Bibi hakupenda barua. Alijua kusoma, msije mkadhani hakujua, lakini alikuwa na neno lake: "Barua haikohoi." Mtu aweza kukuandikia kuwa ni mzima wa afya, naye yuko hoi kitandani, na karatasi isikuambie lolote. Ndipo Baba akanunua rekoda mbili, moja akaiweka juu ya kabati letu, ya pili akampelekea mama yake.

Utaratibu ulikuwa hivi. Kaseti ilikuwa moja tu, na Baba aliibandika kipande cha karatasi akaandika SALAMU kwa herufi kubwa, kana kwamba kulikuwa na nyingine ya kuchanganya nayo. Tulirekodi salamu zetu, tukampa yeyote tuliyemjua anayepanda gari moshi la Mombasa. Bibi alisikiliza, kisha akarekodi majibu yake palepale juu ya sauti zetu, akairudisha na kikapu. Nasi tukarekodi juu ya sauti yake. Kila salamu ilifuta iliyotangulia, na hakuna aliyeona ubaya. Maneno yakishasikika yameshafanya kazi yake, Baba alisema. Nani anahifadhi maji aliyonawia mikono?

Siku ya kurekodi, duka likiwa limefungwa, tulipangwa kwa umri. Baba alianza, na alisoma habari zake kama mtangazaji wa redio: bei ya pamba, hali ya hewa, nani kaoa, nani kaachwa. Hakupumua. Akafuatia Mama. Sasa huyu Mama ndiye wa kutazamwa. Kabla ya kuisogelea rekoda alikwenda chumbani akajitanda leso vizuri, kichwa hakionekani hata unywele, kwa sababu alikuwa anakwenda kumwamkia mama mkwe. Alikaa mkekani, macho chini.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akanyamaza.

Utepe ukazunguka. Baba akamnyooshea kidole kumwonyesha kuwa nafasi inakwisha bure.

"Sasa ataitikia saa ngapi?" Mama alimwuliza, na hilo nalo likaingia kwenye kaseti. "Hujambo, mama? Na mguu je?" Akanyamaza tena, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za mguu.

Tulicheka mpaka Baba akatufukuza. Lakini Shangazi Maimuna alikuja kutuhadithia kuwa kule Mombasa Bibi aliitikia kweli. "Marahaba, mwanangu," aliiambia rekoda, na habari za mguu alizieleza zote, na Mama alikuwa ameacha nafasi ya kutosha. Baba alipokuwa anazungumza, Bibi hakupata pa kuingia, akawa analalama: "Huyu mwanangu kafunzwa na nani kuzungumza?" Sisi watoto tulikuwa wabaya zaidi. Tulitema yote kwa pumzi moja, shikamoo-bibi-sisi-hatujambo-tunakuombea-afya-njema, tukakimbia kurudi kucheza.

Mwenzangu wa kucheza alikuwa Nyambura. Tulisoma darasa moja, na kwao kulikuwa Kangemi, siku zile Kangemi ya migomba na ng'ombe. Mama yake alileta mboga sokoni mjini, na Nyambura alimngojea kwetu kila jioni mpaka amalize kuuza. Nyuma ya duka kulikuwa na kiwanja kidogo cha saruji. Hapo tulicheza kati na watoto wa jirani, wa katikati akikwepa mpira wetu wa makaratasi yaliyofungwa kwa kamba, na tulipochoka tulikaa kwenye ngazi tukacheza makofi. Mchezo wenyewe nilifunzwa na Bibi nilipokwenda likizo, nami nikamfunza Nyambura:

Nani kaja? Mwenzangu kaja.
Kaja na nini? Kaja na mkono.
Leta wako, chukua wangu,
akosaye si mwenzangu!

Unapiga makofi yako, halafu mnagonganisha viganja, kisha yako tena, na kila mkirudia mnaongeza kasi mpaka mmoja akose. Nyambura alikuwa na kicheko cha ajabu, kinaanzia puani na kuishia uani kwa jirani.

Sasa sikilizeni. Siku moja kaseti ilirudi, na Bibi baada ya kumjibu Baba na Mama, alisema hivi: "Na huko nyuma ya sauti ya babako nimesikia watoto wapiga makofi. Ni wewe, Rukia? Na huyo achekaye kama kuku aliyeona mwewe ni nani? Mwambie namsalimia. Sauti hiyo imenipendeza kuliko salamu zote, na babako asinune."

Baba alinuna. Mimi nilitulia pale mkekani kama niliyepewa zawadi. Sikuwa nimejua kwamba rekoda inasikia hata ambacho hukukusudia, na kwamba kuna mtu mbali huko ambaye masikio yake yanapita juu ya maneno ya wakubwa yakatafuta makofi ya watoto. Sijapata kuona msikilizaji kama Bibi, na nimeishi sana.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa darasa la saba. Nyumbani ilikuwa imeshasemwa: mtihani ukiisha, Rukia ni msichana mkubwa. Buibui langu lilikuwa kwa fundi. Nililitaka lile buibui, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimejipima la Mama mbele ya kioo mara nyingi, nikijitazama ubavu huu na ubavu huu. Lakini msichana mkubwa hachezi kati kiwanjani, hakai kwenye ngazi akipiga makofi na kupayuka. Na Nyambura alikuwa anapelekwa shule ya bweni huko upande wa Murang'a. Kila kitu kilikuwa kinaondoka kwa wakati mmoja na watu wote wakinipongeza. Nililia chooni, ambako hakuna aliyeuliza.

Ndipo nikapata wazo. Nilitaka Bibi anisikie nilivyo kabla sijawa huyo mwingine. Sikutaka kumpa salamu. Nilitaka kumpa vile vya nyuma ya salamu, vitupu, bila mtu kuzungumza mbele yavyo. Nikamwambia Mama. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea mpaka akamaliza ungo mzima, kisha akasema, "Rekoda usiidondoshe. Na betri uzianike kwanza."

Betri zikianza kuchoka tulizianika juani, ukutani mwa kibaraza, zikapata nguvu kidogo tena. Wataalamu watabisha. Wabishe, sisi zilituimbia.

Rekoda ile haikuwa na namna ya kukata hapa na kuunga pale. Ulichotangulia kukirekodi ndicho kilichotangulia, basi. Ukitaka sauti ya ng'ombe ije baada ya sauti ya kitambaa, ilibidi wewe mwenyewe utoke kwenye kitambaa uende kwa ng'ombe. Kwa hiyo nilikaa nikafikiri mpango wangu wote kichwani kama mtu anayepanga safari, nikaanza asubuhi ya Jumamosi dukani kwa Baba.

Leso huja mbili mbili, zimeshikana, na mwenye duka huzitenganisha. Baba alitia mkasi kidogo ukingoni, kisha akashika pande zote mbili akapasua kwa mkupuo mmoja: prrrraa! Nilikuwa nimejificha chini ya meza nimeibonyeza rekoda, naye hakuniona. Nikapanda ghorofani nikanasa kijiko cha Mama kikizunguka ndani ya kikombe, kikagonga ukingo na kutulia. Kisha Nyambura akaja na mama yake, Mama Nyambura, nikaruhusiwa kwenda nao Kangemi.

Basi letu lilipita Westlands, ambako siku zile kulikuwa na maduka machache na bustani zenye ua mrefu, likateremka na kupanda mpaka harufu ya moshi wa kuni ikaanza. Niliipakata rekoda kama mtoto mchanga. Abiria mmoja alinipisha dirishani ili ipate hewa.

Kangemi nilitaka mvua juu ya mabati. Nilipolala kwa kina Nyambura likizo ya nyuma, mvua ilinyesha usiku kucha, na kwetu sisi wa ghorofa ya saruji hapakuwa na sauti kama ile. Lakini jua lilikuwa kali na mbingu imenyooka. Nyambura akapata dawa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bati kuukuu limeegemezwa kwenye ghala. Akachota mahindi kwa ungo, akayatupa juu ya bati kwa ngumi nzima. Yalilia kama mawe.

Mama Nyambura akatokea, mikono kiunoni. "Nyambura! Hiyo ni mahindi ya kula ama ya kutupia nyumba?"

Nyambura akaeleza kwa Kikikuyu, haraka haraka, akininyooshea kidole. Mama yake akaigeukia rekoda, akaizunguka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Kwa hivyo hii kitu inakula sauti?"

"Ndiyo, mama."

"Na inapelekea nyanya yako huko Mombasa sauti ya mvua yetu?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Sasa wewe, mtoto ya mama, utampelekea mvua ya uongo hivyo? Mvua ya hapa haikuji na ngumi. Inakuja pole pole. Inauliza kwanza kama uko nyumbani." Akampokonya Nyambura ungo, akaulaza juu ya bati, akaanza kuutikisa kwa vidole vyake vikubwa. Punje moja ikaanguka. Ikanyamaza. Nyingine. Halafu mbili, halafu kidogo zaidi, zikiteleza kwenye mikunjo ya bati, na ungo ukainama na kuinama mpaka mvua yenyewe ikashuka. Nilifumba macho. Ningeapa kuwa nilihisi baridi. Kuku wa boma zima wakaja mbio kula mvua, nao wakaingia kwenye kaseti, na Mama Nyambura hakuwafukuza mpaka nilipobonyeza kuzima. Akacheka kicheko kilekile cha bintiye. Kumbe kilikuwa cha kurithi.

Tukarekodi ng'ombe akicheua. Halafu Nyambura nami tukakaa kwenye kigogo, rekoda katikati, tukacheza makofi, wimbo wote, kasi ikipanda mpaka nikakosa, na kicheko chake kikafunika kila kitu. Sikuibonyeza kuzima. Niliacha kicheko kiishe chenyewe. Tulijua wote wawili kuwa ule ulikuwa wa mwisho.

Jioni, niliporudi mjini, nilimalizia kwenye ngazi za nyuma ya duka. Niliiweka rekoda ngazi ya juu kabisa, nikashuka taratibu na viatu vyangu vya shule. Kodo, kodo, kodo, sauti ikipungua, mpaka chini. Nikafungua mlango wa nje, nikatoka, nikaufunga. Nilisimama barabarani, huku utepe ukirekodi ngazi tupu. Kisha nikapanda mbio kuzima. Neno langu sikulitia hata moja.

Baba aliisikiliza kabla ya kuituma, kwa sababu alitaka kuongeza salamu zake na akakuta nafasi imejaa. Alisimama na uso wa mtu aliyepewa chai ya chumvi.

"Rukia. Salamu ziko wapi?"

"Ndizo hizo, Baba."

"Kuku? Kuku ndio salamu za kumpelekea mama yangu?" Akairudisha nyuma, na bila kutaka akaisikia sauti ya kwanza: prrrraa! Akainamisha kichwa. "Hiyo ni kwangu dukani."

"Ndiyo."

"Pamba safi hiyo. Sikia inavyochanika, hairukiruki." Akairudisha tena, akasikiliza, na nikaona mdomo unamcheza. Hakuwa amewahi kujisikia akifanya kazi. Lakini Baba ni Baba, akajikohoza. "Haya, iende. Ila wajua kaseti hii ni ya kwenda na kurudi. Bibi yako atasikiliza, kisha ataweka maneno yake. Usije ukalia."

Nilikuwa ninajua. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ile ilikuwa moja tu duniani, mvua ya Mama Nyambura na kicheko na ngazi zangu, na jibu la Bibi lingeifuta kama zilivyofutwa zote. Na ningemwambiaje asiifute? Mtoto hamwelekezi bibi yake la kufanya. Niliifunga kwenye kitambaa nikamkabidhi jirani aliyekuwa anasafiri. Kilichobaki kilikuwa dua.

Kikapu kilirudi baada ya mtihani, buibui langu likiwa limeshaletwa na fundi. Kaseti ilikuwa chini ya halua, imebandikwa SALAMU, mwandiko wa Baba uleule. Tulikaa wote mkekani, Baba akabonyeza.

Hapakuwa na salamu. Palikuwa na mbuzi ya nazi ikikuna, kwaru, kwaru, muda mrefu. Palikuwa na komeo la mlango mkubwa likivutwa. Maji yakamiminwa kutoka kata. Kisha kimya, na mbali, mbali sana, mwadhini. Halafu kofi. Kimya kidogo. Kofi. Kimya. Makofi mawili. Kimya. Yalikwenda hivyo, yakiwa pungufu na ya kichekesho, kama mtu anayeua mbu mmoja mmoja, kisha yakashika kasi kidogo, yakakoma, na Bibi akacheka kidogo. Tak. Ikazimika.

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama kabonyeza asijue! Kafanya kazi zake zote, kaua mbu zake, ndipo akaiona taa ya rekoda inawaka. Hebu sikia anavyojicheka!"

Wote wakacheka. Mimi niliinuka nikaenda chumbani, nikajitupa juu ya buibui jipya. Kumbe mvua yangu ilikuwa imefutwa na kosa, hata si maneno ya kunijibu. Nilimkasirikia Bibi siku nzima, kisha nikajikasirikia mimi kwa kumkasirikia, na kesho yake nilivaa buibui nikaenda na Mama kwa wageni, nikasifiwa, nikapenda kusifiwa. Utoto wangu uliishia hapo, katika siku ya kawaida.

Ila Mama hakucheka. Baba alipotaka kurekodi salamu nyingine juu ya "mbu za Mama", yeye aliichukua ile kaseti mkononi mwake Baba. "Tia nyingine," alisema. "Mama ajua alifanyalo." Akaiweka kabatini kati ya leso zake, na Baba akanunua kaseti mpya. Nilidhani ni heshima tu za mke kwa mama mkwe.

Miaka ikapita. Nilikuwa chuo cha ualimu Bibi alipofariki, muongo ule ukielekea ukingoni. Tuliteremka Mombasa, na baada ya matanga Shangazi Maimuna akafungua sanduku la Bibi kugawa vilivyomo. Mimi nikapewa kifurushi kidogo cha leso kuukuu. "Hiki alisema cha Rukia." Ndani kulikuwa na kaseti. Haikuwa na karatasi, ila palionekana alama ya gundi pale karatasi ilipobanduliwa. Na vile vijipande viwili vya plastiki vya ukingoni, ambavyo vikivunjwa rekoda haiwezi tena kufuta, vilikuwa vimevunjwa.

"Alinifanya niulize madukani mpaka nikajua namna ya kuifunga isifutike," Shangazi alisema. "Nikamwonyesha, akavivunja mwenyewe kwa ncha ya mkasi. Akanituma ninunue nyingine inayofanana, akahamisha ile karatasi ya babako kwa mkono wake, kwa mvuke wa birika. Akasema babako asijeona kaseti imebadilika akaanza maswali."

Nilikaa kitako.

"Na siku aliyoijibu," Shangazi akaendelea, "alitufukuza nyumba nzima! Nilikuwa na nguo kwenye kamba, akanikataza hata kuzianua. Alisema ana kazi."

Basi hakuwa amebonyeza kwa makosa. Bibi wa umri ule alikaa na rekoda yake, akafikiri nini kitangulie na nini kifuate, akatoka kwenye mbuzi ya nazi akaenda kwenye komeo, kama mimi nilivyotoka dukani nikaenda Kangemi. Nilimtumia kitu ambacho hakikuwa na jina nyumbani kwetu, na katika watu wote yeye alikijua kuwa ni nini, akakijibu kwa lugha yake. Nami nikalia juu ya buibui kwamba sikujibiwa. Ningali nikimstaajabia.

Tuliporudi Nairobi nilimwomba Mama ile kaseti ya kabatini. Aliileta bila kutafuta. Tukakaa mkekani wawili tu, tukasikiliza mbuzi ya nazi, komeo, maji, mwadhini wa mbali. Mchana wa nyumba nzima ulikuwa mle ndani. Kisha kofi. Kimya kidogo. Kofi.

"Hapa ndipo sielewi," nilimwambia Mama. "Vingine vyote ni vya nyumbani kwake. Hizi mbu alizitilia nini?"

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani hukumwitikia?"

"Kumwitikia nini?"

"Mama kakuachia nafasi, Rukia. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa unakuja kabatini kumwitikia nikiwa sipo."

Nikaizima. Mikono yangu ilishajua kabla yangu, ilikuwa imeshainuka. Nusu ya mchezo haifanani na mchezo, ndiyo maana mtoto aliyeujua wote hakuutambua. Bibi alikuwa amepiga makofi yake, na kila penye kiganja cha mwenzake akaacha pengo, kama Mama alivyoacha pengo baada ya shikamoo, kwa sababu alifunzwa kuzungumza. Alinisikia nikimpoteza Nyambura, akasikia na ngazi tupu mwishoni. Hakuniambia usilie. Aliketi peke yake katika nyumba aliyoinyamazisha, akanyoosha mikono yake kuelekea Nairobi, akaningoja.

Niliirudisha nyuma. Mama akasogea, akajitanda leso yake vizuri kama zamani. Nikaimba kwa sauti ndogo, nani kaja, mwenzangu kaja, nikapiga penye kimya. Aliniacha nyuma mara moja, yule ajuza, nikalazimika kumkimbilia. Leta wako, chukua wangu. Kasi yake ilipanda, nami nikaongeza, viganja vikiniwasha, machozi yakinitoka na kicheko kinanijia kwa pamoja, akosaye si mwenzangu, mpaka kwenye kofi la mwisho kabisa, ambalo nilikosa.

Na Bibi akacheka.